Kulungu wa Januari: Nipande Nini Kwenye Nusu Eka?

"Habari mtaalamu. Naishi Lexington, Kentucky. Mwaka juzi tulinunua shamba la eka 11 kusini kidogo ya mji. Sehemu kubwa ni nyasi, na nyuma kuna msitu wa mialoni. Mwaka jana nilipata kulungu mmoja Novemba, lakini Desemba na Januari niligandishwa na baridi bila kuona hata mkia. Nimetenga nusu eka nipande kitu cha kuwavuta mwishoni mwa msimu. Jirani yangu, mzee wa hapa hapa, anasema nisijisumbue, nimwage mahindi tu. Mwingine anasema nipande soya. Dukani nimenunua mfuko wa mbegu wenye picha ya dume la pembe kubwa. Kinachonishangaza ni sukuma wiki ya mke wangu iliyobaki bustanini: Oktoba waliipita tu, Januari wakaimaliza hadi mashina. Nawinda kwa ajili ya nyama ya nyumbani, pembe si shida yangu. Nipande nini, lini, na je, si kuvunja sheria? Sasa ni mwisho wa Julai, nimeshachelewa?"

Ndugu yangu, hujachelewa, ila huna wiki za kuchezea. Na sukuma wiki ya shemeji imeshakujibu nusu ya swali, kwa hiyo tuanzie hapo.

Unachotafuta ni mmea utakaokuwa bado una kitu cha kuliwa wakati kila kitu kingine kimekwisha. Wengi wanaoanza kilimo hiki huuliza "kulungu anapenda nini zaidi?" kana kwamba kuna mbegu ya uchawi inayowaita kutoka kaunti ya pili. Haipo. Swali lenye faida ni "Januari, katika eneo hili, kitakuwa kimebaki nini?" Ukilijibu hilo, mbegu zenyewe zinajichagua.

Kulungu wa mkia mweupe anacheua kama ng'ombe, lakini halishi kama ng'ombe. Mdomo wake mwembamba, tumbo lake si kubwa, na tabia yake ni kuchagua: chipukizi hapa, jani pale, kokwa kule. Oktoba kwenu mezani pamejaa. Mialoni ya aina nyeupe inaangusha kokwa kuanzia Septemba, na kulungu akizipata hizo hana haja na mboga ya mtu. Majirani wanavuna mahindi na soya, na punje zinabaki chini. Bustani ya shemeji wakati huo ni chakula cha kawaida tu kati ya vingi.

Katikati ya Novemba madume yanaingia kwenye kupandana. Dume anakimbia mchana na usiku, kula anasahau, na anaweza kupoteza sehemu moja ya tano ya uzito wake au zaidi kabla mambo hayajatulia. Ndiyo sababu ulimwona wako mwezi huo. Hakuja kwa ajili ya shamba lako, alipita akiwa na shughuli nyingine.

Kisha Desemba inaingia. Kokwa nyeupe zimekwisha zamani, zimebaki za mialoni myekundu ambazo zina tanini nyingi, chungu, zinaliwa kwa kukosa nyingine. Mashamba yamevunwa, nyasi zimelala. Mwili wa kulungu nao unabadilika: manyoya mazito, mwendo mdogo, hata hamu ya chakula inashuka. Anatembea kidogo kwa sababu kila hatua kwenye baridi inamgharimu. Akitoka kichakani, anakwenda mahali anapojua atapata kitu cha kulipia safari hiyo, na anapenda kwenda jua likizama ili asionekane. Wewe Desemba ulikaa kwenye shamba la nyasi zilizokauka, halina cha kumlipa.

Kuhusu sukuma wiki kuachwa Oktoba na kumalizwa Januari, wawindaji wa huku watakuambia jalidi imeitia sukari. Ni kweli kwamba mimea ya jamii ya kabichi ikipigwa na baridi hulimbikiza sukari kwenye majani, maana sukari huisaidia isigande, na ile ladha kali ya haradali inapungua makali. Lakini mimi naamini sababu kubwa zaidi ni ile nyingine isiyo na utamu: hapakuwa na kingine cha kijani. Kuna jambo la tatu pia. Kulungu asiyewahi kuona tanipu (mboga ya mzizi wa mviringo) au figili anaweza kuzipita msimu mzima kabla ya kujaribu. Wako wameshaonja sukuma wiki, umepiga hatua ambayo wengine huisubiri mwaka mzima.

Sasa ushauri uliopewa. Mahindi ya kumwaga yana matatizo mawili, na la sheria nitalifikia baadaye. La kwanza ni la tumboni. Kulungu anameng'enya chakula kwa msaada wa vijidudu vilivyomo tumboni mwake, na vijidudu hivyo hubadilika polepole kufuata anachokula. Desemba vimezoea vijiti, majani na machipukizi. Akikuta ghafla rundo la mahindi na kujaza tumbo, wanga unachachuka haraka, asidi inapanda, na mnyama anaweza kufa akiwa ameshiba. Kulungu anayeokota punje mbili tatu shambani tangu mavuno hana shida hiyo. Rundo la ghafla ndilo hatari. Zaidi ya hapo, rundo linakusanya midomo mingi mahali pamoja, na hilo lina ubaya wake siku hizi.

Kupanda mahindi sasa, kama ulikuwa unafikiria, acha. Yanahitaji miezi mitatu na zaidi kukomaa, na jalidi ya kwanza kwenu hufika Oktoba.

Soya aliyoisema jirani wa pili ni chakula kizuri mno cha Januari, maganda yakiwa bado yamesimama juu ya theluji: protini karibu asilimia 40, mafuta karibu 20. Ila soya hupandwa Mei au Juni, na nusu eka peke yake haifiki hata Agosti. Kulungu hupenda majani yake machanga kuliko karibu kila kitu, wataifyeka kabla haijatoa ganda. Soya ya eneo dogo inahitaji ua wa umeme hadi vuli, halafu unafungua geti Desemba. Watu wanafanya hivyo na inafanya kazi. Ukitaka kujaribu mwaka kesho, tutaongea.

Na ule mfuko wenye picha? Pembe ziko kwenye karatasi. Geuza nyuma usome kibandiko: sheria za Marekani zinataka muuzaji aandike aina za mbegu na asilimia ya kila moja. Mara nyingi utakuta sehemu kubwa ni raigrasi ya mwaka mmoja, nyasi ya bei rahisi inayoota haraka na kupendeza machoni, halafu mwaka unaofuata inakusumbua kama gugu. Kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu raigrasi siyo rai. Rai ni nafaka, ndugu wa ngano, na ndiyo ninayotaka uipande. Watu wengi wameomba moja wakarudi na nyingine.

Mimi ningeigawa nusu eka yako sehemu mbili. Robo eka ya kwanza iwe ya jamii ya kabichi: tanipu, figili nyeupe ya mizizi mirefu, na rape ya majani. Zipandwe kati ya sasa na wiki ya tatu ya Agosti, ili zipate siku 60 hadi 90 za kukua kabla ya baridi kali. Majani yataliwa kwanza, kisha Januari wanachimba tanipu kwa kwato, na utaona mashimo. Figili huoza mapema baridi ikikaza, kwa hiyo isiwe nyingi. Mbegu ni ndogo sana, na paundi moja na robo ya mchanganyiko, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo, inatosha robo eka. Najua mkono utakuwasha kuongeza. Usiongeze, zikibanana hazitoi mizizi wala majani ya maana. Rushia juu ya udongo uliolainishwa, kisha kandamiza kwa roli au kwa kupitisha matairi. Zikifukiwa zaidi ya nusu sentimita hivi, nyingi hazitoki.

Robo ya pili iwe rai, au nusu rai nusu ngano ya majira ya baridi, pamoja na klova (mmea mdogo wa jamii ya kunde) ya mwaka mmoja yenye ua jekundu. Hii ipandwe mwanzoni mwa Septemba, mvua ikitabiriwa. Nafaka paundi 25, klova paundi mbili na nusu. Nafaka inataka kufunikwa kama sentimita mbili na nusu, klova ibaki karibu juu, kwa hiyo mwaga nafaka, pitisha haro (reki kubwa ya kuvutwa na trekta), ndipo urushe klova na kukandamiza. Rai huota hata udongo ukiwa baridi sana, inaendelea kukua kila siku ya Desemba inayopata joto kidogo, na hakuna baridi ya Kentucky itakayoiua. Oti, nafaka nyingine, unaweza kuongeza kidogo, kulungu wanazipenda, ila zitakufa kwenye baridi kali ya kwanza ya kweli, kwa hiyo zihesabu kuwa chakula cha Novemba.

Ukiniambia una nguvu ya kupanda kitu kimoja tu, nitakuambia rai. Haina sifa mitaani na haivutii kwenye picha. Lakini inavumilia udongo mbaya, kuchelewa, na mkulima mgeni. Kabichi zikishindwa kwa sababu ya ukame wa Agosti, na hutokea, utakuwa bado una muda wa kurushia rai juu yake Septemba.

Kabla ya yote hayo kuna adui ambaye hukumtaja, nafikiri kwa sababu unamwona kila siku: nyasi yenyewe. Malisho mengi ya Kentucky ni feskyu ndefu, ile aina ya Kentucky 31 iliyogunduliwa kwenye mteremko wa shamba moja kaunti ya Menifee mwaka 1931 na kutolewa kwa wakulima 1943. Ng'ombe wanaila kwa kukosa nyingine, kulungu karibu hawaitazami, na haifi kwa kulimwa mara moja. Ukiigeuza kwa trekta na kupanda, wiki sita baadaye utakuwa na feskyu na figili chache zinazoomba msaada. Fyeka sasa, iache ichipue hadi kama shubiri moja, kisha piga dawa ya magugu yenye glifosati ikiwa majani ni ya kijani na yanakua. Ukiipiga wakati wa ukame, nyasi imejikunja, dawa inapotea bure. Dawa hiyo haiachi sumu ya kuzuia mbegu kwenye udongo, kwa hiyo unaweza kupanda muda mfupi baadaye. Sehemu ya rai utakuwa na nafasi ya kupiga mara ya pili. Hata hivyo, mwaka wa kwanza tegemea nyingine irudi. Soma kibandiko, vaa glavu, na watoto wakae mbali siku hiyo.

Udongo wenu una bahati moja. Eneo la Lexington limekaa juu ya miamba ya chokaa ya kale sana yenye fosfeti, na mashamba mengi hayahitaji fosforasi hata kidogo. Kwa hiyo usinunue mbolea ya mchanganyiko kwa mazoea. Kinachokosekana kwa kawaida ni naitrojeni kwa ajili ya kabichi, na wakati mwingine chokaa mahali palipolimwa miaka mingi. Robo eka ya kabichi inataka kama paundi 15 za naitrojeni, ambazo ni paundi 33 hivi za mbolea ya yurea, imwagwe mvua ikiwa karibu ili isiyeyukie hewani. Rai yenye klova haihitaji nyingi. Lakini hayo ni makadirio ya mtu aliye mbali na shamba lako. Chukua udongo kwenye sehemu kumi hivi za nusu eka hiyo, changanya kwenye ndoo, na upeleke ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Kila kaunti, zote 120, ina ofisi yake. Ikionekana pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, iko chini ya 6, weka chokaa hata kama msimu huu haitafika mbali, kwa sababu inachukua miezi kufanya kazi.

Sasa upande ambao wakulima wazuri hushindwa: kuwinda kwenyewe. Kulungu mmoja anakula kilo mbili hadi tatu kwa siku. Wakija kumi kila usiku, ni karibu kilo 25, na kwa mwezi kilo 750. Nusu eka haiwezi kuwalisha kuanzia Septemba na bado ikawa na kitu Januari, ikiwa eneo lenu lina kulungu wengi. Chomeka kizimba kidogo cha waya katikati ya kila sehemu, upana wa mita moja. Ukiona ndani kuna majani ya magotini na nje ni kipara kufikia Novemba, tatizo si mbegu. Midomo imezidi eneo, na jawabu ni kuongeza eneo, au kuzungushia ua wa umeme hadi mwisho wa Novemba, au kupunguza majike, jambo ambalo kwa mtu anayetafuta nyama ni habari njema.

Tena, eka 11 si makao ya kulungu. Anazunguka mamia ya eka, na kwako anapita. Ukimtisha mara mbili, ataendelea kula mboga zako, ila saa nne usiku. Kwa hiyo dungu lako lisiwe mahali ambapo ukitoka giza likiingia unawakurupusha waliopo shambani. Chagua njia ya kuingia na kutoka ambayo haikatizi mboga, na kaa upande ambao upepo unatoka shambani kuja kwako. Baridi kali ikiingia kwenu mara nyingi huja na upepo wa kaskazini-magharibi, na jioni za namna hiyo, joto limeshuka ghafla au theluji inakaribia, ndizo za kukaa. Jioni nyingine zote liache shamba lipumzike. Najua ni vigumu kwa mtu aliyetoa jasho Agosti, lakini anayekaa kila Jumamosi bila kujali upepo anawafundisha kulungu ratiba yake.

Pia nikuonye mapema: mwaka ambao mialoni imezaa sana, hata shamba zuri linaweza kukaa kimya hadi Januari. Ukiona msitu wako umejaa kokwa Novemba, kaa msituni. Na mwishoni mwa baridi, ukikata miti michache isiyo na thamani ya mbao na kuiacha chini, matawi yake na machipukizi ya mwaka unaofuata ni chakula cha bure ambacho kulungu anakijua tangu kuzaliwa. Mara nyingi msumeno unasaidia kuliko mfuko wa mbegu.

Sheria. Kupanda mazao na kuwinda juu yake Kentucky kunaruhusiwa. Kumwaga chambo ni habari nyingine: kuna maeneo na vipindi vya marufuku, na kanuni hizo zimekuwa zikibadilika tangu Desemba 2023, jimbo lilipothibitisha kulungu wa kwanza mwenye ugonjwa wa kudhoofika, unaofahamika huku kwa herufi CWD, katika kaunti ya Ballard magharibi kabisa. Unasababishwa na prioni, yaani protini iliyoharibika umbo, unasambaa kwa mate, mkojo na kinyesi, na prioni hudumu kwenye udongo kwa miaka. Hapo utaelewa kwa nini rundo moja la mahindi linalorambwa na midomo ishirini linawatia hofu wataalamu. Haijathibitishwa kuwa binadamu ameupata kwa kula nyama, lakini ushauri wa afya ni kutoila nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Lexington iko mbali na Ballard, ila mipaka ya maeneo hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka huu wa idara ya wanyamapori ya jimbo. Humo utaona pia tarehe: upinde kwa kawaida unaruhusiwa hadi Jumatatu ya tatu ya Januari, gobore lina siku chache katikati ya Desemba, na siku za bunduki na gobore nguo ya rangi ya chungwa ni lazima.

Mkazi wa Kentucky mwenye shamba la eka 5 au zaidi hahitaji leseni kuwinda kwenye shamba lake mwenyewe, pamoja na mke au mume na watoto wanaomtegemea. Kulungu aliyeuawa lazima aripotiwe hata hivyo. Lakini kuna shimo moja ambalo wahamiaji wenzetu wanaweza kutumbukia. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliye Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi kwa mfano, kushika bunduki, isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Msamaha wa mwenye shamba siyo leseni. Mwenye makazi ya kudumu, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na raia hawaguswi na katazo hilo la viza. Kama hali yako, au ya ndugu unayetaka kumkaribisha Desemba, ina utata wowote, usichukue jibu langu wala la rafiki. Zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla hajagusa bunduki.

Ofisi ya ugani nayo iulize mambo mawili ukipeleka udongo: wiki ya kupanda ngano ambayo wao wanaipendelea kwa kaunti yako, na kama kuna shamba la mfano karibu unaloweza kulitembelea Septemba. Na huo mfuko wa picha, ukikuta ni raigrasi zaidi ya robo, urudishe ukiwa bado umefungwa.